Isale halitumwi kwa simu

Wiki hii mmeuliza: ukoo una kazi gani siku hizi, wakati kila mtu anajitegemea? Nilitaka kujibu kwamba kazi unayo, tena kubwa, niishie hapo. Lakini swali limenichoma.

Sisi ni Wachagga wa Kibosho, Kilimanjaro. Kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo la migomba na mibuni, waligawana kaka zangu wawili, na mpaka wao ni mstari wa masale, mmea ambao kwetu jani lake ndilo la kuombea msamaha, kando ya mfereji. Krismasi ya 2016 mdogo alikuja kutoka Dar akakuta mkubwa ameng'oa masale matatu na kuusogeza mpaka hadi kwenye mibuni ya huyo mdogo. Akamtukana mbele ya mama, matusi mazito. Miaka miwili hawakusalimiana, hata msibani.

Mkubwa alipougua, mdogo alimtumia shilingi 300,000 kwa simu na ujumbe, "Kaka, nisamehe." Hela zikarudishwa siku hiyo hiyo. Mama akaomba simu yangu, akamwambia mdogo, "Baba, isale halitumwi kwa simu. Njoo."

Alifika jioni, mvua inanyesha. Hakuingia ndani. Alikata isale pale pale mpakani, akalishika kwa mikono miwili, akapiga magoti kwenye tope la uani. Baba mdogo na wazee wawili wa ukoo walikuwa kwenye benchi chini ya upenu, kimya. Kaka mkubwa alilitazama lile jani linavyochuruzika maji, akalitazama sana, mwisho akanyoosha mkono akalipokea. Wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kata moja. Kesho yake masale yakapandwa upya mahali pake. Hakuna baraza lingetufanyia vile.

Sasa naandika na nakumbuka mimi nilikuwa wapi. Jikoni, nakoroga mtori, nachungulia mlangoni. Mama nilimwogesha mimi miaka sita hadi alipofariki, lakini siku ile hakuna mzee aliyeniuliza neno, na kwenye kihamba kile sina hata mgomba mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inanipa haki ya ardhi sawa na mwanamume. Nikiitaja, baba mdogo anasema hayo ni ya serikali.

Kwa hiyo ukoo huu niliokuwa nausifu, sitaki binti yangu aurithi ulivyo. Pengine kwa wenzetu wa Machame na Rombo mambo yameshabadilika, siwasemei. Kwetu, tukikutana Desemba hii, nitakaa kwenye lile benchi. Mtori atakoroga mwingine.