Maswali ya wasomaji: Hata utulivu ni kamba

Toleo lililopita tuligusia falsafa ya Advaita ya Wahindu, ile inayosema uhalisi ni mmoja tu na hauna mgawanyiko, tukataja na zile guna tatu, satva, rajasi na tamasi, ambazo ndizo zinaifanya akili leo iwe hivi kesho iwe vile. Basi meseji zimemiminika, za kushukuru zipo, za kugomba zipo pia. Nimechagua chache, zilizofanana nimezifanya moja.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Tanga, meditesheni najifunza kwenye simu. Kuna siku naingia darasani nimetulia tuli mpaka wanafunzi wananishangaa, halafu ikifika Alhamisi nafoka ovyo, jioni nimejibwaga kwenye kochi hata sahani siwezi kuosha. Vidio zote zinasema nipandishe satva. Vitunguu nimeacha, nyama nimeacha, chai nimepunguza. Mbona utulivu haukai?

JIBU: Mwalimu, hujakosea popote ila umeuziwa nusu ya habari. Ulichoeleza hapo ni guna zenyewe zinapokezana zamu. Ile siku ya utulivu ni satva, wepesi na mwanga, mtu anaelewa mambo haraka. Alhamisi ni rajasi, joto, kukimbizana, kutaka hiki na kile. Na kochi la jioni ni tamasi, uzito, usingizi, kuzembea. Mafundisho haya wenyewe hasa ni watu wa Samkhya, shule nyingine ya kale ya falsafa ya India, Advaita ikayachukua ikayatumia kwa hesabu zake, na Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, imeyapa sura nzima, ya 14. Kwa mujibu wao kila kilicho cha maumbile kimesukwa kwa hizo tatu, na akili nayo ni ya maumbile kama ulivyo mguu wako, kwa hiyo kuidai akili ibaki palepale ni kuidai kitu ambacho hata ikitaka haiwezi kukupa.

Sasa fungua mstari wa 6 wa sura hiyohiyo. Krishna, ambaye ndiye Mungu anayefundisha humo, anamwambia Arjuna, shujaa wa vita, kwamba satva pamoja na usafi wake wote nayo inafunga, inamfunga mtu kwa kumnogesha raha na kumnogesha kujua. Rajasi inafunga kwa tamaa na kazi, tamasi kwa uzembe na usingizi. Zote tatu kamba. Kipande hiki kwenye vidio hukisikii, nadhani kwa sababu hakiuziki, nani atalipia kozi halafu aambiwe ule utulivu aliolipia nao ni kifungo?

Ramakrishna, yule mtawa wa hekalu la Dakshineswar karibu na Kolkata aliyefariki 1886, alikuwa anasimulia hivi. Mtu anapita porini, majambazi watatu wanamvamia wanampora. Wa kwanza anasema huyu tummalize tu. Wa pili anasema ya nini, tumfunge tumwache hapahapa. Wanamfunga wanaenda zao, baada ya muda yule wa tatu anarudi, pole ndugu, umeumia? anamfungua, anamtoa porini mpaka barabarani, anamwonyesha kwa kidole, kwako ndiyo kule. Jamaa kwa shukrani anamwambia twende wote basi ukafike nyumbani, huyu anakataa, siwezi, polisi watanijua. Wa kutaka kuua ndiye tamasi, wa kufunga ndiye rajasi, aliyefungua ndiye satva na bado ni jambazi, kwenye ule uporaji alikuwepo. Hapo kwa polisi huwa nacheka kila nikifika, ila ndipo hoja yenyewe ilipo, satva inakufikisha barabarani, ndani haiingii.

Kwa hiyo swali lako Advaita ingekurudishia: utulivu umeondoka, sawa, aliyejua umeondoka ni nani? Kuna kijitabu chao kinaitwa Drig Drishya Viveka, beti yake ya kwanza inapanda ngazi hivi, umbo linaonwa na jicho ndilo linaona, jicho nalo linaonwa na akili (si unajua leo macho yangu mazito, leo yanaona vizuri), akili na mageuzi yake yote inaonwa na shahidi, na shahidi haonwi na chochote. Alhamisi ulipofoka ulijua unafoka, ulipotulia ulijua umetulia, ulipozimika kwenye kochi ulijua umezimika. Hali tatu zimepita mbele ya kitu kilekile. Hicho ndicho wanachokiita atmani, na wanasema hakina guna hata moja.

Ila hapa ndipo wengi wanateleza, wanaanza kumtafuta shahidi kama hali nyingine tamu zaidi ya satva, wanakaa wanasubiri aje. Chochote ukikipata ukakiona, iwe mwanga iwe amani ya ajabu, ujue hicho ni kile kinachoonwa, yaani akili bado.

Vyakula endelea navyo, lakini usijitese. Gita sura ya 17 inavitaja: vya satva vina majimaji na mafuta kidogo, vinashibisha na kupendeza moyo, vya rajasi ni vichungu, vikali, vya chumvi nyingi na pilipili, vya tamasi ni vilivyolala na kuharibika ladha, yaani kiporo (wenzangu wa wali wa jana na chai ya asubuhi mnisamehe). Kitunguu hakijatajwa pale hata mara moja, hayo ni makatazo ya mapokeo mengine yaliyokuja kuunganishwa.

SWALI: Mimi ni mzee mstaafu, Bukoba. Nimesoma makala yenu nikashtuka. Kama mtu wa kweli habadiliki na hafanyi kitu, na kazi zote zinafanywa na guna, basi mwizi aliyeniibia mbuzi naye aseme siyo yeye, ni rajasi? Hii si falsafa ya kuwatetea wahuni?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Swali zuri, na mstari unaouogopa upo kweli, ni Gita sura ya 3 mstari wa 27, kwamba matendo yote yanatendwa na guna za maumbile ila aliyepotezwa na umimi ndiye anayesema mtendaji ni mimi. Lakini umimi hauondoki kwa mdomo. Huyo mwizi wako, wakati wa kusingizia guna atasema siyo mimi, wakati wa kula mchuzi wa mbuzi je? Hapo utamsikia mimi, mimi, niongezeeni. Huwezi ukaukana utendaji halafu faida ukaishika.

Na Arjuna aliliona hilo mapema, akauliza mstari wa 21 wa sura ya 14, huyo aliyezivuka guna dalili zake ni zipi, anaishije? Akajibiwa kwa mambo ya kuonekana kwa macho, kwamba mwanga ukija hauchukii, pilikapilika zikija hazichukii, hata ule uzito wa giza ukija hauchukii, na vikiondoka havililii, sifa na lawama kwake sawa, rafiki na adui sawa, udongo, jiwe na dhahabu sawa. Mwizi kwake mbuzi wa jirani na jiwe la barabarani havijawa sawa, angekuwa amefikia hapo asingehangaika usiku kucha kukata kamba. Shankara mwenyewe, yule mwalimu mkubwa wa Advaita aliyezaliwa Kaladi kule Kerala, ambaye wengi wanamweka karne ya 8, alitaka mwanafunzi awe nayo mambo manne kwanza: kutenganisha kinachodumu na kipitacho, kutong'ang'ania matunda ya matendo hapa wala kule, kujitawala na uvumilivu na mengine ya kundi hilo, na kiu ya kuwa huru. Nidhamu kwanza. Hawa wa siku hizi wanaoruka moja kwa moja kwenye "mimi ni Brahmani", yaani mimi ndiye ule uhalisi mmoja, huku majirani wamewachoka mimi binafsi siwaamini.

SWALI: Natokea Nairobi, namuuguza baba. Alikuwa mtu mpole sana, sasa anasahau kila kitu, jina langu halijui, mara nyingine ananitukana, yeye ambaye hajawahi kunitukana. Mnaandika kuna kitu ndani ya mtu hakibadiliki. Kwa baba kimeenda wapi?

JIBU: Pole sana dada yangu, pole ya kweli. Nimekaa na swali lako kwa sababu jibu la haraka lingekuwa kukukosea heshima.

Watu wa kale hawakuwa hawajui kwamba akili inaning'inia kwenye mwili. Katika Chandogya Upanishad, moja ya maandiko ya kale ya Wahindu, sura ya 6, kuna kijana Shvetaketu, alienda kusoma akiwa na miaka 12 akarudi na 24, ameshiba Veda, yale maandiko yao matakatifu, kichwa kimevimba. Baba yake, Uddalaka, akamwambia usile siku 15, maji kunywa utakavyo. Zilipoisha akamwambia haya nisomee beti zako. Kijana akasema hazinijii, baba. Miaka 12 ya kukariri yote imezimika kwa njaa tu. Akamwambia nenda kale, akala, akarudi, kila alichoulizwa akajibu. Baba akamalizia, mwanangu, akili imetokana na chakula. Baba yuleyule, sura ileile, ndiye baadaye anamwambia lile neno lao maarufu, ndicho wewe, Shvetaketu, yaani ule uhalisi usiobadilika ni wewe. Sasa angalia mpangilio, kwanza amemwonyesha kumbukumbu ikipotea, halafu ndiyo anamwambia wewe ni nani. Hakuiweka atmani kwenye kumbukumbu, wala kwenye tabia.

Upole wa baba ulikuwa satva nyingi kwenye akili yake, na akili ikiumwa satva inapungua, rajasi na tamasi zinapanda, ndiyo matusi hayo. Hayatoki kwa mtu aliyekuwa amejificha ndani miaka yote, hilo liondoe moyoni kabisa. Kisichobadilika kwa Advaita ni ile fahamu yenyewe ambayo ndani yake hofu ya baba inaonekana, kusahau kunaonekana, sura yako asiyoitambua inaonekana. Gita sura ya 2 mstari wa 16 inasema kisicho halisi hakina kuwepo, kilicho halisi hakikosi kuwepo, na Shankara akifafanua anasema halisi ni kile ambacho kukitambua kwake hakubadiliki huku mengine yote yakibadilika. Mengine, upole ukiwemo, hawasemi ni uongo mtupu, wanasema hayasimami yenyewe.

Utaniuliza, na akilala usingizi mzito je, si hamna chochote? Wao wanasema tukiamka tunasema nimelala vizuri sikujua kitu, na mtu hawezi kukumbuka ambacho hakukishuhudia, kwa hiyo hata ule utupu ulikuwa na shahidi. Mandukya Upanishad na Gaudapada aliyeifafanua wamejenga mengi juu ya kukesha, ndoto na usingizi. Wapinzani wao wa Nyaya, shule ya mantiki, walikataa, wakasema huo ni ukisiaji tu unaoufanya asubuhi. Mabishano hayo yana karne nyingi na sitajifanya nimeyamaliza hapa.

Ila nisikudanganye dada, Advaita haikuahidi kwamba yule baba mpole yupo mahali fulani ametunzwa utakutana naye. Kisichobadilika ndani yake siyo chake peke yake, ni kilekile kilichomo ndani yako unapombadilisha shuka. Kuna wanaoona hilo lina baridi sana, na Ramanuja, mwalimu wa Kusini mwa India wa karne ya 11 na 12, ni mmoja wa waliolipinga kwa nguvu, yeye alisema kila nafsi ni ya kweli na inabaki nafsi milele. Ukiona ya Ramanuja inakushika vizuri zaidi, hakuna atakayekunyang'anya. Na wiki hii tafuta ndugu mmoja akupokee hata nusu siku ulale.

SWALI: Depresheni ndiyo tamasi? Dada yangu haamki kitandani, watu wanamwambia aamke alfajiri afanye yoga.

JIBU: Hapana. Guna ni lugha ya kuitazama akili, haipimi ugonjwa. Mtu asiyeamka kitandani kwa wiki anapelekwa hospitali akaonwe na daktari wa afya ya akili, na hao wa yoga alfajiri wampikie uji.

SWALI: Majirani zetu Wahindi wa Kisutu hapa Dar wanaenda hekaluni, wanapiga kengele, wanaimba. Sijawahi kuwasikia wakisema wao ni Brahmani. Mnatuletea dini ya nani?

JIBU: Swali halali kabisa. Advaita ni shule moja kati ya nyingi. Mwalimu mwingine, Madhva, alifundisha Mungu na nafsi ni viwili daima, Ramanuja nimeshamtaja, na hapa Afrika Mashariki kuna Wahindu wengi wenye asili ya Gujarati walio wa madhehebu ya Swaminarayan, ambao kwao nafsi na Mungu havijawahi kuwa kitu kimoja na ibada ndiyo njia yenyewe. Ukimwambia jirani yako kwamba yeye ndiye uhalisi usio na sifa anaweza akakushangaa kuliko unavyomshangaa wewe. Hata hivyo guna tatu anazijua, muulize kuhusu chakula utaona.

SWALI: Nianzie wapi kusoma?

JIBU: Gita sura ya 14, mistari 27 tu, unaimaliza kabla chai haijapoa, halafu rudi sura ya 2. Mandukya ina mantra 12 lakini usidanganyike na ufupi wake. Ufafanuzi wa Shankara juu ya Brahma Sutra uache kwanza, ukurasa wa pili utakuwa umeshasinzia, na kusinzia sasa unajua ni guna gani.