Maswali ya Wasomaji: Kurudi Katika Jeshi la Akiba Baada ya Maisha ya Uraiani

SWALI: Mimi ni Mkenya ninayeishi Minneapolis. Nililitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwa miaka minne, nikaondoka kwa heshima mwaka 2017, na tangu hapo ninawahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, mara nyingi zamu ya usiku. Sasa ninataka kujiunga na jeshi la akiba. Msimamizi wangu ameshaniambia kwamba siku za mafunzo zitakatwa kwenye likizo yangu, na kwamba zamu ya Ijumaa usiku nitaifanya kama kawaida hata nikitakiwa kikosini Jumamosi asubuhi. Je, ana haki hiyo? Na mwili wangu utaweza, baada ya miaka yote hii na watoto wawili?
Mama wa Wawili

JIBU: Dada yangu, nitaanza na msimamizi, kwa sababu wengi wanaorudi jeshini huhangaika na mbio na mazoezi, kisha wakaja kukwama kwenye ratiba ya kazini.

Hana haki hiyo, kwa yote mawili. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994, inayojulikana kwa kifupi kama USERRA, inawalinda wafanyakazi wanaoitwa kwenye utumishi wa jeshi, yakiwemo mafunzo ya wikendi moja kwa mwezi na yale ya takriban wiki mbili kwa mwaka. Mwajiri hawezi kukulazimisha utumie likizo yako. Ukitaka mwenyewe kuitumia ili mshahara usipungue, hiyo ni hiari yako, kwani sheria hiyo haimlazimishi mwajiri binafsi kukulipa kwa saa ambazo hukuwepo. Kuhusu Ijumaa usiku, kanuni zake zinataja hali inayofanana kabisa na yako: mtu aliyekesha kazini usiku kucha, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mafunzo ya siku nzima, hahesabiwi kuwa yuko tayari kwa utumishi, na kwa hiyo anastahili kuikosa zamu hiyo ili afike akiwa amepumzika. Jumapili jioni nako kuna kinga, kwa kuwa hutakiwi kurudi kazini mpaka zamu yako inayofuata, baada ya kusafiri salama hadi nyumbani na kupumzika kwa muda wa saa nane.

Wajibu wako ni kutoa taarifa mapema. Taarifa ya mdomo inakubalika kisheria, lakini mimi ningeandika, kwa sababu wasimamizi wa nyumba za wazee hubadilika kila mara na anayekuja hajui mliongea nini na aliyeondoka. Akiendelea kukataa, usigombane naye mbele ya wagonjwa. Iko ofisi ya Wizara ya Ulinzi iitwayo ESGR, ambayo kazi yake ni kusuluhisha migogoro ya namna hii bila malipo, na ikishindikana malalamiko hupelekwa Wizara ya Kazi.

Sasa mwili. Jaribio ulilolizoea la kupiga pushapu, kuinuka kwa tumbo na kukimbia maili mbili halipo tena. Tangu Juni 2025 kuna jaribio la mambo matano: kunyanyua chuma kizito mara tatu, pushapu ambazo kila ukishuka unalala kifudifudi na kunyoosha mikono pembeni, mbio za kwenda na kurudi zenye kuburuta na kubeba mizigo, kujishikilia juu ya viwiko mwili ukiwa umenyooka, na zile maili mbili, ambazo hazijamwacha mtu. Unatakiwa upate alama zisizopungua 60 katika kila jambo, na kwa kazi zisizo za mapigano viwango hupangwa kwa umri na jinsia. Anayegeuza wagonjwa kitandani usiku kucha ana mgongo na mikono yenye nguvu kuliko anavyodhani, kwa hiyo mimi nisingehofia chuma. Ningehofia ile sehemu ya mbio ambapo unaburuta kigari kisicho na magurudumu cha uzito wa kilo 41 hivi, kisha ukabeba vyuma viwili vya kilo 18 kila kimoja, pumzi ikiwa imekwisha, kwa maana hakuna kazi ya ndani inayomzoeza mtu hali hiyo. Anza miezi kadhaa kabla, na umwone daktari kwanza.

Jambo moja hukuuliza, nalo ni nafasi. Katika jeshi la akiba unapewa nafasi iliyo wazi kwenye kikosi maalumu, na huenda kikosi kilicho karibu nawe hakina nafasi ya fani yako ya zamani, ukalazimika kwenda shule ya fani nyingine kwa wiki kadhaa. Cheo nacho hutegemea nafasi hiyo, na usishangae sajenti wako akiwa mdogo wako kwa miaka kumi. Mpelekee mwandikishaji nakala ya fomu yako ya DD 214, yaani hati uliyopewa ulipoondoka jeshini, umwombe akuonyeshe nafasi, cheo na shule kwa maandishi kabla hujatia sahihi. Omba pia ratiba ya kikosi ya mwaka mzima, unaoanza tarehe 1 Oktoba, na nakala yake umkabidhi msimamizi wako siku hiyo hiyo utakayoipata.