Tukihama Tunaacha Chakula cha Jumanne

Mtu akihama Mombasa, awe kaenda Nairobi au London, mzigo anaoagiza baadaye ni ule ule: bizari ya pilau, achari ya embe, mabuyu, visheti. Mchunga, ile mboga ya majani machungu, sijaagizwa hata mara moja. Kwa maoni yangu matatizo mengi ya sahani zetu yanaanzia hapo. Tunabeba chakula cha sikukuu, tunaacha cha Jumanne.

Mimi ni Mgiriama wa Kisauni, nimeolewa na Mjaluo, na tunakaa Mikindani. Nilikokulia wali ulikuwa wa harusi na wa wageni. Siku nyingine ni sima na mchunga, kisamvu au majani ya kunde. Mume wangu, mtu wa Siaya, anaikumbuka chapati kama kitu cha Krismasi. Sasa toka Magongo uteremke hadi Changamwe: chapati kila kona, viazi karai, mshakiki, kuku wa kukaanga, na Ijumaa biriani kwa mwenye uwezo. Hakuna aliyekaa kitako akaamua tule hivi. Vibanda viko njiani, kazi inatuchelewesha, na mboga za kuchambua zinataka mtu mwenye jioni.

Sisemi eti chakula cha zamani kilikuwa safi na hiki cha leo ni cha kuletwa. Vingi vililetwa, vya zamani na vya leo. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika, na vilikuja upande huu baada ya Wareno kuanza kupita hapa mwaka 1498. Chapati ni ya Wahindi, na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipeleka watu na mapishi yao mpaka ziwani. Ninachokiangalia mimi ni mara ngapi kwa wiki kitu kinaliwa.

Weusi wa Marekani wameyapitia haya kabla yetu. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, watu kama milioni 6 walihama majimbo ya kusini, wengi wakaingia miji kama Chicago na Detroit. Kule kusini kuku wa kukaanga alikuwa wa Jumapili. Katikati ya wiki watu walikula kunde, viazi vitamu, mkate wa mahindi, na majani ambayo ni ndugu wa damu wa sukuma wiki yetu. Mjini, cha Jumapili ndicho kilichoingia hotelini kikapata jina, hata wengine wakadhani ndicho walichokula siku zote.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alipohamia kwetu, presha ilikuwa imeshampanda. Kliniki ilimpa dawa na karatasi ya lishe yenye brokoli na shayiri ya pakiti. Dawa hakuziacha hata siku moja, na wewe usiziache. Karatasi aliitazama kwa heshima, akaikunja. Nikamuuliza, Mama, ulipokuwa msichana mlikula nini siku ambayo hakuna mgeni? Akaanza na osuga, na tangu hapo hakunyamaza.

Kumbe osuga ni mnavu, ule ule ninaonunua Kongowea. Yeye huuchemsha, akamwaga maji ya kwanza, akatia maziwa, kisha kesho yake akaupasha tena mpaka uchungu upungue. Sisi hutia tui. Tulibishana kidogo (mimi bado naamini tui limeshinda), tukakubaliana zamu. Nikitia tui, natumia la pili, si kasimile, lile tui zito la kwanza, maana kasimile ni mafuta mengi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla hujamwandikia mgonjwa wa nyumbani orodha mpya, muulize swali hilo. Chakula anachokijua atakila bila kusukumwa. Usimuulize kuhusu vyakula vya asili, atakutajia vya harusi.

Pili ni chumvi, maana hapo hata chakula cha Jumanne kina dhambi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumlisha ya mkate na ya viungo vya pakiti. Samaki ng'onda hukaushwa kwa chumvi ili akae, kwa hiyo mloweke usiku kucha, umwage maji, na usimwongezee chumvi sufuriani. Viungo vya pakiti mimi nimeviondoa kabisa. Kitunguu thomu, tangawizi na ndimu vinatosha.

Kwa walioko ng'ambo: acheni kutafuta duka la Mkenya peke yake. Ingia la Mnigeria au la Mkongo. Majani ya muhogo yaliyosagwa na kugandishwa yamo humo, kwa sababu Wakongo nao wanakula kisamvu, ila wao hukipika kwa mawese. Bamia zimo. Marekani, sukuma utaipata kwenye duka la kawaida, wanaiita collard. Na kunde ziko kila mahali tulikofika watu weusi: bajia za kunde tunazonunua hapa jioni, Mnigeria anazo kwa jina la akara, na kule Bahia, Brazili, ni acarajé, zilizovuka bahari na watu waliopelekwa utumwani. Ila chemsha kunde zako Jumatatu mpaka Alhamisi, bajia ziache zingoje.

Watoto ndio wagumu. Kwangu chapati zimerudishwa Jumapili, na mnavu hauji mezani peke yake ila na omena waliokaangwa kidogo kwa nyanya. Mkubwa anakula. Mdogo anasema mboga ni za nyanyake, kisha anaenda kununua viazi karai kwa pesa za nauli, na pesa hizo nimezipunguza.