Jiwe kutoka juu ya jengo: tatizo si hesabu yako, ni fomula uliyochagua

Mdogo wangu, kosa lako nimeliona haraka kwa sababu nililifanya mwenyewe nikiwa kidato cha tano. Jiwe linarushwa kutoka juu ya jengo la mita 15, kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, nyuzi 30 juu ya mlalo, g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ni 10. Linaangukia umbali gani? Umechukua fomula ya masafa, u² sin 2θ gawanya kwa g (u ni kasi ya kurushia, θ ni pembe), ukapata mita 34.6. Hesabu iko sawa kabisa. Ila fomula hiyo ni ya kitu kinachotua kwenye usawa uleule kilikoanzia. Kwenye mita 34.6 jiwe lako ndiyo kwanza limerudi usawa wa paa, bado lina mita 15 za kushuka.

Mimi niliikariri hiyo fomula mpaka nikawa naiona ndotoni, na bado maswali ya namna hii yakawa yananishinda. Aliyenifungua macho ni mwalimu wa twisheni. Aliweka sarafu mbili ukingoni mwa meza, moja akaidondosha, nyingine akaipiga kwa kidole wakati huohuo. Alituambia tufumbe macho tusikilize. Ta! Mlio mmoja tu. Ile ya pili tuliiokota karibu na mlango, lakini kufika sakafuni haikuchelewa. Galileo alishalieleza jambo hili kwenye kitabu chake cha mwaka 1638: mwendo wa mlalo hauugusi wa wima, na vikiungana njia inakuwa parabola.

Tangu siku ile nachora mstari katikati ya karatasi. Kushoto mlalo, kulia wima. Kinachoruhusiwa kuvuka mstari ni muda peke yake.

Tufanye lako. Kushoto: 20 cos 30° = 17.3, na haibadiliki mpaka mwisho, maana ukinzani wa hewa tumeupuuza. Kulia: 20 sin 30° = 10 kwenda juu. Nachukua juu kuwa chanya, kwa hiyo g ni −10 na ardhi iko −15. Hapo kwenye alama ndipo wengi wanapoteza maksi, ziandike kabla ya kitu kingine chochote. Kisha upande wa wima tumia: umbali = kasi ya mwanzo × t + ½gt², t ikiwa muda.

−15 = 10t − 5t²
t² − 2t − 3 = 0
t = 3 au t = −1

Sekunde 3. Vusha kwenda kushoto: 17.3 × 3, karibu mita 52.

Hakiki kwa njia nyingine. Jiwe linapanda sekunde 1 na kufika mita 5 juu ya paa. Kutoka hapo kuna mita 20 hadi chini, nazo zinachukua sekunde 2. Jumla 3.

Ile −1 usiifute haraka, mimi naipenda sana. Inasema kwamba kama jiwe lingekuwa limetokea ardhini likipita njia hiyohiyo, lingeanza sekunde moja kabla ya kufika mkononi mwako.

Sasa rusha jiwe hilohilo kwa kasi ileile, nyuzi 30 chini ya mlalo. Utapata sekunde 1 na mita 17.3. Tafuta na kasi yake linapogusa ardhi, kisha ilinganishe na ya jiwe la kwanza. Weka hapa ulichopata, pamoja na zile safu mbili, nizipitie.