Digrii ya uhasibu unayo, kazini umekwama kwenye VAT

Pole sana mdogo wangu, nimekuelewa: umemaliza digrii ya uhasibu, wiki ya pili kazini bosi kakupa boksi la risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) uandae ritani ya VAT, yaani fomu ya kodi ya ongezeko la thamani, ukabaki unaliangalia tu, sasa unajiuliza chuo kilikufundisha nini. Mimi yalinikuta hayohayo. Debiti na krediti tulifundishwa vizuri tu, lakini ile risiti iliyokaa kwenye gari juani mpaka maandishi yakafutika hakuna lekchara aliyetuonyesha, na fildi wengi tuliishia kutoa fotokopi.

Fanya hivi: omba ritani za miezi 3 iliyopita, chagua mwezi mmoja uuandae upya mwenyewe kwenye Excel mpaka namba zako zifanane na zilizopelekwa TRA (mamlaka ya mapato), usipofika uliza, wiki za mwanzo watu wanakuvumilia. Na tarehe bandika ukutani, PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 7, VAT tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ukichelewa kuna faini.

Ila usikubali kabisa kubuni manunuzi eti kodi ipungue, hiyo ni kesi. Ukiona unalazimishwa tafuta CPA (mhasibu mwenye cheti) aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu, awe wa nje ya ofisi, akushauri kabla hujatuma chochote.