Kuku kaacha mayai siku ya 12: kagua utitiri kwanza

Pole sana, dada. Unasema kuku wako wa kienyeji ameatamia mayai 14, na siku ya 12 ameanza kuyakimbia, kilemba kimepauka. Mimi ningeanza na utitiri. Wangu aliwahi kufanya hivyohivyo. Nilipoingiza mkono usiku chini ya nyasi za kiota, ulirudi umejaa vitone vyekundu vinavyotambaa. Mchana hujificha, usiku humnyonya damu mpaka anashindwa kukaa.

Usiku huu mulika kiota kwa tochi. Ukiwaona, choma nyasi zote, weka mpya, kisha mnyunyizie kuku dawa ya unga ya utitiri kutoka duka la mifugo, hasa chini ya mabawa. Maji na chakula viwe karibu naye.

Mayai usiyatupe kwanza. Yamulike moja moja gizani: lenye uhai lina mishipa myekundu iliyotanda kama miguu ya buibui, lisilo na mbegu linang'aa tupu. Linalonuka ni viza, litoe kabla halijapasuka. Yakipoa saa moja, mara nyingi vifaranga husalimika. Yakipoa usiku kucha, usitegemee mengi.

Lakini akiharisha kijani, akihema kwa shida au shingo ikipinda, huenda ni mdondo, yaani kideri (Newcastle). Mtenge, usimuuze wala kumchinja, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Mdondo hauna tiba. Wazima ndio wa kuchanjwa, tone moja jichoni, na kurudia kila miezi 3.