Mto wa manyoya unaochoma
Dadangu, umeuliza kwa nini mto wako unakuchoma. Kinachokuchoma shavu ni kile kijiti kigumu cha katikati ya unyoya. Manyoya laini ya kifuani mwa bata, yale yaliyo chini karibu na ngozi, hayana kijiti hicho. Ni nyuzinyuzi zinazoshika hewa, ndiyo maana ni ghali. Soma lebo uone kila aina ni asilimia ngapi. Kitambaa nacho kiwe pamba iliyofumwa kwa kubana, la sivyo vijiti vitapenya tu.

Duveti, yaani lile shuka nene lililojazwa manyoya, kwa joto letu la Mombasa chukua ambayo kitambaa cha juu kimeshonwa moja kwa moja kwenye cha chini. Joto hupotelea kwenye mishono. Yenye kuta za ndani, yaani vipande vya kitambaa vinavyotenganisha cha juu na cha chini, waachie wa Limuru kwenye baridi. Halafu uianike penye upepo, manyoya yakikaa na unyevu hunuka vibaya mno.